Ujumbe Umekwenda na Kosa: Utatuzi wa Matatizo kwa Wanaoandika Kazini

Ofisi yetu iko Moi Avenue, Mombasa, ghorofa ya pili, na shughuli yetu ni kutoa mizigo bandarini Kilindini. Mtu wa nje hudhani kutwa tunabeba makasha. Kutwa tunaandika: barua pepe kwa wakala wa meli, WhatsApp kwa dereva, barua kwa mteja, fomu ya forodha. Simu za malalamiko huletwa kwangu, na baada ya miaka kadhaa nikaanza kuzitia kwenye daftari, maana niliona ni zile zile zinarudi kwa sauti tofauti.

Huu hapa ni mfano niliousuka kutoka daftari hilo, makosa yote nimeyarundika mahali pamoja:

"Bw. Salama, tunadhibitisha kupokea dhamana ya mzigo wako, shilingi elfu ishirini na tano. Kontena litafika ghalani kwako usiku wa Ijumaa, saa 3.00. Stakabadhi nimeambatanisha."

Mistari mitatu, na kila sentensi ina simu yake ya malalamiko inayoingojea. Aliyeandika hivi Kiswahili anakijua na kazi anaijua. Alichofanya ni kufungua barua ya wiki iliyopita, kubadilisha jina na kubonyeza "tuma". Kumbuka hilo la barua ya wiki iliyopita, kwa sababu litajitokeza karibu chini ya kila dalili.

Dalili: "Stakabadhi mbona siioni?"

Sababu ya kwanza haina siri: umesahau. Umeandika "nimeambatanisha", akili ikahesabu kazi imekwisha. Ya pili ni uzito wa faili. Gmail haipeleki kiambatisho kinachozidi MB 25. Hati zilizoskaniwa kwa rangi huvuka kiwango hicho upesi, na badala ya faili kinakwenda kiungo cha Drive ambacho mpokeaji hana ruhusa ya kukifungua. Ya tatu, na mbaya zaidi, faili limekwenda lakini silo. Ukiwa na faili kumi zinazoitwa "scan0012" na ndugu zake, siku moja utampa mteja stakabadhi ya mwenziwe.

Dawa ni kugeuza mpangilio: faili kwanza, maneno baadaye, anwani ya mpokeaji mwisho kabisa. Barua isiyo na anwani haiwezi kuponyoka hata kidole kikiteleza. Faili liite kwa aina ya hati, nambari ya kontena na tarehe, kisha lifungue ukiwa tayari umeshaliambatanisha, uone ndilo. Gmail ina kawaida ya kukukumbusha ikiona umetaja kiambatisho na hakipo, lakini wewe unayeandika "nimeambatanisha" kwa Kiswahili usiutegemee ukumbusho huo. Pia ingia kwenye mipangilio, muda wa kutengua ujumbe uliotumwa uupandishe kutoka sekunde 5 hadi 30. Sekunde hizo zimeniokoa mara nyingi kuliko ningependa kukiri.

Kama faili lililokwenda ni la mtu mwingine, usiendelee hapa. Ruka hadi dalili ya ujumbe uliokwenda kwa asiyestahili.

Dalili: "Nilikungoja mpaka nikachoka"

Hapa ndipo daftari langu limejaa, na hapa ndipo Mombasa ina shida zake yenyewe.

*Saa ya Kiswahili na saa ya Kizungu.* Hii ndiyo sababu inayoongoza. Kwetu saa tatu asubuhi ni 9.00, na simu ya kila mtu inaonyesha 9.00. Mwandishi anafikiri kwa lugha moja na kuandika kwa nyingine. Mimi mwenyewe nilimwambia dereva "saa tatu" kwa mdomo, kisha nikamwandikia mteja kwa Kiingereza "3.00". Lori lilifika Miritini saa tatu asubuhi, ghala limefungwa, na mwenye ufunguo alikuwa akijiandaa kwa saa tisa alasiri. Dereva alilala chini ya lori kwa saa sita, na jioni nilisikia niliyostahili kusikia.

Jicho likikutana na "saa tisa asubuhi", simama hapo hapo. Saa tisa ni ya alasiri au ya usiku. Hakuna asubuhi yenye saa tisa. Ukiiona kwenye barua, ujue kuna mtu ametafsiri tarakimu bila kuongeza wala kupunguza sita. Tiba ni kuandika zote mbili kila mara: saa tatu asubuhi (9.00), saa tatu usiku (21.00). Watakaokuona unajirudia ni wachache.

*Usiku wa Ijumaa.* Kwa mzawa wa pwani siku huingia na magharibi, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, Alhamisi jua likishatua. Mwenzako aliyekulia bara anasoma maneno hayo hayo akaenda Ijumaa yenyewe baada ya chakula cha jioni. Hakuna aliyekosea, na kontena limekaa siku nzima likingoja. Andika "Alhamisi 13 Machi 2025, saa tatu usiku (21.00)" na mjadala umekwisha.

*Kesho, wiki ijayo, Ijumaa ijayo.* Ujumbe ulioandikwa saa tano usiku unasomwa asubuhi, na "kesho" imekwishahama. Bibi yangu alikuwa na mtondo na mtondogoo kwa siku za mbele ya keshokutwa, na hakuna aliyempotezea miadi, ila yeye alikuwa akizungumza na mtu aliyekaa naye barazani. Kwenye maandishi weka tarehe.

*Tarehe za tarakimu tupu.* 03/04 kwetu ni tarehe 3 Aprili. Kwa Mmarekani ni tarehe 4 Machi. Mwezi uandike kwa herufi.

*Saa ya nchi nyingine.* Hii ni nadra, lakini yauma. Dubai imetutangulia saa moja na China saa tano. London iko nyuma yetu saa tatu majira ya baridi na mbili majira ya joto, kwa hiyo mkutano uliokuwa sawa Februari unaweza kuwa umepotea Aprili.

Dalili: "Nambari hii haipo kwenye mfumo"

Kabla ya kuulaumu mfumo, hesabu herufi. Nambari ya kontena ina nafasi 11: herufi nne, kisha tarakimu saba. Herufi ya nne kwa kontena la kawaida ni U. Hivyo ule ubishi wa kila siku wa O na 0 unaamuliwa na mahali ilipo: katika nne za mwanzo ni herufi, baada ya hapo ni sifuri. Tarakimu ya mwisho kabisa ni ya ukaguzi, hukokotolewa kutokana na nafasi kumi zilizotangulia, herufi na tarakimu. Ukikosea tarakimu moja kwa kawaida hesabu haitakubali. Vikokotoo vyake viko mtandaoni, vya bure. PIN ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, nayo ina nafasi 11: herufi, tarakimu tisa, herufi. Ya mtu binafsi huanza na A, ya kampuni na P.

Sababu, kwa jinsi ninavyoziona: wa kwanza ni aliyechapa kwa kutazama badala ya kunakili. Anafuatia aliyenakili kutoka barua ya zamani, nambari ikawa halali kabisa lakini ya mzigo mwingine. Huyu ni hatari, kwa sababu tarakimu ya ukaguzi haimkamati. Mwisho ni aliyesomewa kwa simu, kelele za Makupa nyuma yake, "kumi na tatu" ikaingia sikioni kama "kumi na tano".

Ukaguzi wetu ni wa watu wawili: mmoja anasoma kwenye hati yenyewe, mwingine anafuata kwenye kioo, tarakimu tatu tatu. Ukiwa peke yako, soma kutoka nyuma kwenda mbele. Usilinganishe na ulichokumbuka wala na rasimu yako. Linganisha na karatasi iliyotoka kwa aliyetoa nambari.

Simama: kosa likiwa ndani ya B/L (hati ya meli ya kusafirishia mzigo), au manifesti, yaani orodha ya mizigo ya meli, ikiwa imekwishawasilishwa forodhani, usifute wala usichape juu yake. Marekebisho hupitia kwa wakala wa meli, yana utaratibu wake na huenda yakawa na gharama. Hati iliyochezewa ni kosa la aina nyingine kabisa, na barua ya msamaha haitalitibu.

Dalili: "Kiasi si hiki tulichokubaliana"

Rudi kwenye ujumbe wa juu. "Elfu ishirini na tano" ni ngapi? Wengi watasema 25,000. Mhasibu wetu, mtu wa zamani, atasema 20,005, na hana makosa: elfu ishirini, na tano. Ndiyo maana wazee hutamka "ishirini na tano elfu" wanapotaka 25,000. Katika maandishi tanguliza tarakimu, maneno yafuate kama shahidi: 25,000 (ishirini na tano elfu).

Halafu kuna "shilingi" yenyewe. Anayefanya biashara na Tanga au Unguja aandike KES au TZS, maana "Sh" haina uraia. Na nauli za meli hutozwa kwa dola; nimeona bei ya dola ikanakiliwa ikapewa jina la shilingi, mteja akakubali kwa furaha iliyopitiliza. Ankara ya kutoka Ujerumani yenye 1.500 inamaanisha elfu moja na mia tano. Nukta kwao hufanya kazi ya mkato wetu.

Ankara yenye kosa ikiwa imekwishapita kwenye eTIMS, mfumo wa ankara wa KRA, usijaribu kuificha kwa kutoa nyingine juu yake. Hurekebishwa kwa krediti noti, na hilo mwachie mhasibu.

Dalili: "Mimi si Bwana"

Salama, Nuru, Baraka: majina haya huvaliwa na wake kwa waume. Usikisie. Uliza, au andika jina kamili bila cheo. Tahajia ya jina nayo chukua kwenye kitambulisho, usichukue sikioni: Mohamed, Mohammed na Muhammad ni watu watatu mbele ya forodha, na Fatma si Fatuma. Na kama barua ilinakiliwa, tafuta jina la mteja wa zamani katikati ya aya. Juu hulibadilisha kila mtu, katikati hubaki.

Dalili: "Barua yenu inasema kinyume"

Mteja alitupigia: "Mwanangu, mwataka dhamana ya nini tena? Si bondi mlishaweka?" Karani alikusudia *thamani* ya mzigo, kiasi kinachotozwa ushuru. Akaandika *dhamana*, ambayo kwa forodha ndiyo bondi. Katika kazi yetu yote mawili yapo, na yote mawili yana pesa ndani yake, kwa hiyo sentensi haikuonekana mbovu. Kikagua tahajia hakikunong'ona hata kidogo, na kisingeweza, maana neno lipo.

Ndugu za kosa hilo ni wengi. *Kuthamini* ni kuona kitu kina thamani; *kudhamini* ni kujifunga kulipa mwenzako akishindwa. Kampuni inayoandika "tunawadhamini wateja wetu wote" imeahidi mengi sana. *Kuthibitisha* ni kuhakikisha, *kudhibiti* ni kushika hatamu, na "kudhibitisha" ni mchanganyiko wa hayo mawili ambao umeenea hata kwenye barua za wakubwa. Ukiisoma kwa sauti, Mswahili wa Mombasa ataikamata, maana kinywani mwake dh na th ziko mbali. Kidole juu ya simu hakina masikio.

Kundi la pili ni vitenzi vya kupa na kuchukua. *Nakodi* nyumba: mimi ndiye mpangaji. *Nakodisha*: mimi ndiye mwenye nyumba. Kukopa na kukopesha ni hivyo hivyo. Watu huandika "ninakodisha ofisi" wakimaanisha wanatafuta, kisha wanashangaa kupigiwa na wapangaji.

Kundi la tatu linahitaji macho makavu kabisa, kwa sababu tofauti ni herufi moja:

- *Hatujalipa* na *hatujalipwa*. Ya kwanza unakiri deni, ya pili unadai.
- *Tumetuma* na *tumetumwa*.
- *Tutakulipa* na *utatulipa*. Hapa si herufi moja: zimehama, k ikaanguka, na pesa nazo zimehama mfuko.

Halafu kuna *a-* ya Kiswahili, isiyosema ni nani. "Wakala amemwambia mteja kwamba mzigo wake umezuiwa na lazima alipe." Mzigo wa nani? Alipe nani? Mwandishi anajua, ndiyo maana haoni tatizo. Rudia jina: "mteja alipe". Itasikika nzito kidogo, iache iwe nzito.

Sababu za dalili hii, kutoka ya kila siku hadi ya mara chache: umesoma ulichokusudia badala ya ulichoandika, simu yako imewekwa Kiingereza na inakusahihishia maneno ambayo haiyajui, umeandika ukiwa kwenye feri ya Likoni, umebanwa, mkono mmoja kwenye mfuko wa mboga, na hatimaye, kweli hujui tofauti ya maneno hayo. Hii ya mwisho ndiyo watu hudhani ni ya kwanza.

Anza na kilicho rahisi. Weka kibodi ya Kiswahili kwenye simu, Gboard inayo. Soma kwa sauti, midomo ikitembea. Barua yenye pesa au tarehe ichapishe kwenye karatasi, kwani jicho likibadilishiwa mahali huacha kudanganya. Ukishindwa na hayo yote, mpe mwenzako asiyejua habari yenyewe, kisha muulize swali moja tu: "Nani anamlipa nani, lini?" Akijibu sivyo, barua ndiyo yenye kosa, usimfundishe.

Simama: mkataba, barua ya kukiri deni, barua ya kumwachisha mtu kazi, na jibu la barua ya wakili. Hizi hazitibiwi kwa kusoma kwa sauti. Mpe wakili kabla ya kutia saini, na kabla ya kutuma hata lile jibu fupi la "tumepokea, tutalipa", ambalo huweza kusomwa kama kukiri.

Dalili: "Kwani nimekukosea nini?"

Umeandika "Lete hati leo" ukidhani umekuwa mwepesi. Pwani hii, ujumbe usio na salamu umeingia nyumbani bila hodi. Salamu moja, kisha ombi: "naomba utuletee hati leo kabla ya saa kumi (16.00)". Herufi kubwa tupu ni kelele. Na ukiwa na hasira, iandike barua yako yote, lakini ule mstari wa anwani uache wazi hadi kesho yake. Zaidi ya hapo sina ushauri. Tabia ni ya mtu.

Dalili: "Huu ujumbe nafikiri si wangu"

Sababu kuu: umeandika herufi tatu za jina, programu ikamalizia, ukaikubali. Wateja wawili wenye jina moja wanatosha kukuponza. Inayofuata ni kujibu wote pale ulipotaka kumjibu mmoja. Kisha makundi ya WhatsApp yenye majina yanayofanana; sisi tulikuwa na "Mizigo" na "Mizigo 2", la pili lina wateja ndani yake. Tulilibadilisha jina siku ile ile picha ya ankara ya mwenziwao ilipoingia humo. Na kuna yule anayewatumia wateja arobaini tangazo moja na kuziweka anwani zote wazi, kila mmoja amsome mwenzake.

Lililokwisha kwenda, fanya hivi. WhatsApp inakuruhusu kufuta kwa wote kwa muda unaozidi kidogo siku mbili, na kuhariri ndani ya dakika 15, lakini kufuta hakumfuti aliyekwishasoma. Outlook ina kurudisha ujumbe, nako hufanya kazi ndani ya shirika lenu tu. Kwa mtu wa nje usijisumbue. Mpigie mpokeaji, mwombe afute na athibitishe kwa maandishi. Kisha mwambie mkubwa wako siku hiyo hiyo. Karani anayenyamaza hadi Jumatatu hugeuza kosa dogo kuwa kesi.

Simama: kama kilichokwenda ni kitambulisho, pasipoti, taarifa za benki au za afya za mtu, si suala la ofisi yenu peke yenu. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, data ikifika kwa asiyeruhusiwa na pakawa na hatari ya kweli ya madhara kwa mwenyewe, Kamishna wa Data huarifiwa ndani ya saa 72 tangu mlipojua. Kampuni inayoshughulikia data kwa niaba ya nyingine ina saa 48 za kuiarifu ile iliyoipa kazi, na sisi mawakala mara nyingi tuko kwenye kiti hicho. Mwite wakili na mtu wa kompyuta, wewe andika tu nini kilikwenda, kwa nani, saa ngapi.

Dalili: "Tumelipa kwenye akaunti mpya mliyotutumia"

Na nyinyi hamkutuma akaunti yoyote mpya. Hapa usitafute kosa la mwandishi. Kuna mtu yuko ndani ya barua pepe zenu au ameiga anwani yenu kwa kubadilisha herufi moja, *rn* mahali pa *m*. Makosa yenu ya kila siku ndiyo yaliyompa nafasi, kwa kuwa mteja aliyezoea barua zenu zenye tahajia ya ovyo hakuona kitu kigeni katika ile ya mwizi.

Usijibu kwenye uzi ule ule wa barua. Mteja apigie benki yake dakika hiyo, kabla ya kuwauliza nyinyi zaidi. Nyinyi badilisheni nywila kutoka kompyuta nyingine, mumwite fundi aangalie kama kuna kanuni ya kupeleka barua zenu nje kisirisiri, msifute chochote, kisha mripoti polisi mkiwa na nakala. Kuanzia hapo kila mabadiliko ya akaunti yathibitishwe kwa simu, kwa nambari mliyokuwa nayo tangu zamani na siyo ile iliyo chini ya barua.

Na ile barua ya wiki iliyopita unayoitumia kama kielezo, ifungue sasa hivi. Ondoa majina, nambari, kiasi na tarehe zote, mahali pake weka nyota tatu, uihifadhi upya. Ukisahau kujaza, mteja ataona nyota na atakucheka. Mzigo wa mtu mwingine hatauona.